Sista wa Chumba cha Macho

Ukisema "Sista" mtaani kwetu bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema nani. Hakuwa mtawa. Alikuwa muuguzi wa zahanati ya kansoli, yaani baraza la jiji, na sisi watu wa Eastlands kila muuguzi wa kike tulimwita hivyo, awe mpole au awe mkali. Huyu alikuwa mkali. Jina lake nilikuja kulijua nikiwa mtu mzima, na hata sasa nikilitamka naona kama namkosea adabu, kwa hiyo nitamwita vile tulivyomwita.

Sauti yake ilifika kabla yake. Akina mama waliopanga foleni ya chanjo walisema watoto wa mtaa wetu hawalizwi na sindano, wanalizwa na kumsikia Sista akikohoa. Alikuwa mfupi, mwenye mwendo wa haraka, na viatu vya raba alivyovipaka chaki nyeupe kila Jumapili. Alikuja kwa miguu kutoka Donholm, mvua au jua, kiondo begani, na ukimsalimia njiani hakusimama. Alikujibu huku anakwenda, "Niko salama, funga hilo koti," na ameshapita. Wavulana wa kona, ambao hakuna mwanamke waliyemwacha apite bila kumtupia neno, kwake walisema tu, "Niaje, Sista," kwa sauti ya watoto wa nasari. Naye aliwajibu, "Niaje ndiyo nini? Umeoga?"

Ndani ya kiondo kulikuwa na maharagwe, na hayo maharagwe ndiyo yaliyomfanya asengenywe kuliko jambo jingine lolote. Kila Alhamisi alasiri, chanjo ikiisha, Sista alifungua chumba kidogo cha nyuma kilichokuwa stoo ya ndoo na mifagio, akamwaga maharagwe kwenye sinia, akawaweka wasichana wawili watatu wayachague. Mawe upande huu, yaliyooza upande ule. Watu walisema anawatumia watoto wa wenyewe kama mayaya. "Huyo mama hajachagua maharagwe yake tangu aolewe," alisema jirani yetu wa mlango wa pili, na hilo lilikuwa kweli, Sista mwenyewe hakulikana. Kwake Donholm walikula githeri ya mahindi na maharagwe yaliyochaguliwa na wasichana wenye huzuni wa mtaa mzima, na nadhani hakuna aliyevunjika jino.

Sababu aliniambia baadaye sana. "Ukimkalisha msichana kwenye kiti, umkazie macho, umuulize ana nini, atakuambia hana kitu. Mpe maharagwe. Mkono ukiwa na kazi, mdomo unasahau kuogopa." Naye alichagua pamoja nasi, tena vibaya sana. Mawe aliyaacha, maharagwe mazima aliyatupa, na ilibidi turudie upande wake kila mara.

Juu ya mlango wa chumba hicho kulikuwa na kibao cha mbao alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyeusi: MACHO. Ndani, ukutani, alitundika ile karatasi ya herufi, kubwa juu na ndogo chini. Lakini hakuna aliyepimwa macho humo.

Ilikuwa hivi. Karatasi za kansoli alizozijaza kila mwisho wa mwezi zilikuwa na mistari: chanjo, wajawazito, kifua, tumbo, vidonda, meno, macho, masikio. Mstari wa msichana asiyelala, au aliyeacha kuongea, au anayejikata mikono na kuificha kwa sweta wakati wa jua kali, haukuwepo. Na kisichokuwa na mstari kwenye karatasi hizo hakikuwa na chumba, wala dawa, wala muuguzi. Sista alikuwa amesomea mambo ya akili. Alifanya kazi miaka mingi kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili kabla ya kuletwa kwetu kudunga watoto sindano, na alipowaona wasichana wakiletwa na mama zao kwa kisingizio cha kichwa kuuma, aliwajua mara moja. Akawaandika kwenye mstari wa macho. Nilimuuliza kwa nini hakuchagua meno. Akasema msichana akitoka kwa mtu wa macho akiwa na macho mekundu, hakuna anayemuuliza kitu.

Mama zetu nao walishusha pumzi. Binti mwenye wazimu ni aibu ya ukoo mzima, lakini binti mwenye macho mabaya ni binti anayesoma sana. Mtaani wavulana walitufuata wakiimba, "Macho nne bila miwani!" Tuliona afadhali hilo kuliko jina jingine.

Sasa, huyu alikuwa mtu wa kanisa. Aliimba kwaya, hakunywa kitu kikali kuliko chai, na uongo aliuchukia hata ule mdogo. Ukimwambia umekula alikusogelea akanusa. Siku moja, nilipokuwa nimemzoea, nilimuuliza anawezaje kusali na kibao kile kiko pale juu. Alinitazama kama niliyemwaga maziwa. "Mungu anasoma kibao, ama anasoma chumba?" Baadaye nilimsikia akinung'unika peke yake, "Anasoma vyote viwili, najua," na akachagua maharagwe kwa hasira mpaka sinia ikaisha.

Mimi nilipelekwa kwake nikiwa kidato cha pili. Baba alipunguzwa kazi kiwandani, akarudi Bungoma kujaribu shamba, barua zikaja mbili halafu zikakoma. Nikatumwa nyumbani kwa ajili ya karo, nikakaa. Sijui siku gani hasa kitu kilivunjika ndani yangu. Najua tu kwamba nilikuwa nakaa nyuma ya mlango, kati ya mtungi wa maji na ukuta, na sikutaka kutoka hapo. Nilitaka kufa. Naandika hivyo waziwazi kwa sababu mwaka huo hakuna aliyetaka neno hilo lisemwe. Jioni moja Mama alirudi mapema kutoka kuuza sukuma wiki akanikuta, na akanikuta kwa wakati. Hakunikimbiza hospitali kubwa. Kila mtu mtaani alijua kwamba mtu aliyejaribu kujiua, akipona, anasubiriwa na polisi, maana ni kosa la jinai. Alinifungia ndani, akaita wenzake wa chama cha akina mama kanisani, wakaomba siku tatu, na hakuwaambia wanaombea nini. Siku ya nne akanipeleka kwenye Macho.

"Jina?" Sista akauliza.

Nikanyamaza.

"Sijakuuliza siri. Nimekuuliza jina."

"Anaitwa Nafula, Sista," Mama akasema. "Ni yeye kifungua mimba wangu."

"Haya, Mama Nafula, wewe nenda ukauze mboga zako. Huyu ana kazi." Akasukuma sinia hadi magotini pangu.

Hakuniuliza kwa nini. Hakuwahi kuniuliza kwa nini, mpaka leo. Aliuliza jana nilikula nini. Aliuliza nililala nikaamka mara ngapi. Nisipojibu alijijibu mwenyewe, "Haya, hakula. Tutaona Alhamisi." Alhamisi ya tatu alitupa haragwe zima upande wa mawe, nikasema, "Hilo si jiwe."

"Alaa," akasema bila kuinua kichwa. "Basi lirudishe."

Hilo lilikuwa neno langu la kwanza baada ya karibu mwezi. Miaka mingi baadaye alikiri kwamba aliondoka chumbani akisingizia anakwenda kutafuta pamba, akaenda kusimama nyuma ya tangi la maji akalia. Nikamuuliza kama yale maharagwe aliyatupa vibaya makusudi. Hakunijibu. Alisema tu kwamba macho yake hayakuwa mazuri sana.

Hakuwa mtu wa kubembeleza. Ukilia alikupa kitambaa na kukuambia ukifue mwenyewe. Lakini kuna msichana mmoja wa Mathare, wa miaka kumi na minne, aliyekuwa akipigwa na baba yake wa kambo, na Sista aliteremka bondeni kila siku akitoka kazini, karatasi ya herufi imekunjwa kwapani, eti anampima macho. Aliketi mlangoni kwao, akaitundika ile karatasi kwenye msumari, akamsomesha herufi kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya mto. Akimaliza alimwambia yule mwanamume, mbele ya majirani wote, "Macho ya huyu mtoto yanataka kuangaliwa kila siku. Nitakuja kesho. Na kesho kutwa. Na nikikosa mimi, atakuja mwenzangu." Mwenzake hakuwepo, alikuwa peke yake. Lakini mkono wa yule mwanamume ulishuka, na mwisho wa muhula msichana akahamia kwa shangazi yake.

Kutokuwa na mwenzake ndiko kulikomnyima usingizi. Alikuwa amebakiza miaka michache astaafu. "Kitu cha mtu mmoja huzikwa na mtu huyo," alisema mara nyingi, hata pale ambapo hakuna aliyekuwa akizungumzia jambo hilo. "Nataka hiki kiwe cha kansoli. Kansoli haifi. Hulala tu." Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi, kwenye karatasi zake, aliomba muuguzi wa pili na dawa, kwa ajili ya macho.

Siku moja wakamsikia.

Alikuja kijana mmoja mrefu, mpole, na masanduku mawili ya vifaa na barua yenye mhuri. Kansoli ilikuwa imeona kwamba zahanati yetu ina wasichana wengi mno wenye matatizo ya macho kuliko zahanati nyingine yoyote. Kamati ya afya ikaguswa. Ikapitisha fungu la fedha la mwaka mzima: mtaalamu wa macho, vifaa, dawa za macho, miwani kwa wasio na uwezo, na matibabu ya chumba hicho yasilipiwe dirishani. Chumba kikabidhiwe kwa mtaalamu siku hiyo hiyo.

Sista aliisoma mara mbili. Alisimama ameshika ile barua kama mtu aliyeagiza maji akaletewa mkaa. Alikuwa ameficha jambo vizuri hata serikali ikalipa gharama za maficho.

Yule mtaalamu, tuliyemwita Daktari wa Macho ingawa hakuwa daktari kamili, alianza kazi kwa bidii. Alituita mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika nilisoma herufi za juu, za katikati, za chini kabisa, halafu nikaendelea na maandishi madogo ya pembeni kwa kuwa hakuniambia niache.

"Hiyo ni nini unasoma?" akauliza.

"Ni jina la kiwanda kilichochapa."

Aliweka kalamu chini. Jioni alimfuata Sista kwenye chumba cha sindano. Nilikuwa nje napanga chupa, nikasikia.

"Sista, hawa wasichana wanaona kuliko mimi. Wote. Nitaandika nini?"

"Andika unachoona."

"Nikiandika ninachoona, chumba kitafungwa."

"Andika tu, mwanangu," Sista akasema. "Uongo wa mtu mmoja unatosha zahanati moja."

Akaandika ukweli, alikuwa mtu mwaminifu. Baada ya wiki mbili barua ikaja: ugonjwa wa macho haukuonekana, huduma isimamishwe, muuguzi arudi kwenye chanjo muda wote, na mwisho wa mwezi afike mbele ya kamati ya afya aeleze takwimu zake. Kufuli likawekwa. Alhamisi iliyofuata tulifika wasichana watano, tukalitazama lile kufuli, tukarudi makwetu.

Sista aliamua kwamba akienda kwenye kamati atasema yote, lakini alijua neno lake peke yake halitoshi. Mtu aliyedanganya miaka mitatu haaminiwi siku anayoungama. Alihitaji mama mmoja wa kusimama naye. Akaanza kuzunguka mlango kwa mlango, na milango ikamkataa. Hakuna aliyemtukana. Walimkaribisha chai, wakamshukuru sana, wakamwambia hapana. Mmoja alimwambia, "Sista, binti yangu amepona. Sasa unataka nikamtangaze?" Kwetu alifika mwisho. Mama alimsikiliza akiwa amesimama, mkono kwenye komeo.

"Sista, wewe ndiye ulinirudishia mtoto," akasema. "Hilo silisahau. Lakini kanisani wanajua ni macho. Kule kwa baba yake wanajua ni macho. Nikisema ile ingine, nani atamwoa? Na polisi je?"

"Nakuelewa, Mama Nafula."

"Usikasirike."

"Sikasiriki. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha kuficha." Akainua kiondo chake akaenda, na safari hii mwendo wake ulikuwa wa polepole.

Nilimchukia Mama siku ile. Siku zilizofuata sikuwa na nguvu hata za kuchukia. Nilirudi nyuma ya mlango. Sikuamua kurudi, nilijikuta tu niko pale, mgongo ukutani, na uji uliokuwa umewekwa mbele yangu asubuhi ulikuwa na ngozi juu Mama alipotoka sokoni mchana. Alisimama akanitazama. Hakupiga kelele. Alichukua kile kikombe, akamwaga uji nje, akakiosha muda mrefu kuliko kinavyoweza kuoshwa kikombe kimoja.

Asubuhi ya kamati aliniamsha yeye. Alikuwa amevaa kitambaa cha kichwa cha chama cha akina mama, kile cha siku za ushirika mtakatifu. "Vaa viatu," akasema. "Twende tukaseme."

Tulimkuta Sista ameketi kwenye benchi la ukumbini, viatu vimepakwa chaki siku ya kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alipotuona alisimama, akaketi, akasimama tena. Ndani kulikuwa na meza ndefu, madiwani saba hivi, birika la chai, na karani wa fedha mwembamba ambaye hakuinua kichwa kutoka kwenye makaratasi yake. Daktari wa Macho alikuwa pembeni, naye ameitwa.

Sista alisoma maelezo yake kwa sauti ya chini hata mwenyekiti akamwomba aongeze. Huyo ndiye yule aliyewaliza watoto kwa kukohoa! Mwenyekiti, mzee mwenye kofia aliyoiweka juu ya goti, alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo umetudanganya miaka mitatu."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Mtumishi wa kansoli. Mama wa kanisa."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuja ukasema?"

"Nilisema, mheshimiwa. Mwaka wa kwanza niliandika barua nne. Nikajibiwa hakuna mstari. Nikaandika macho, mkaleta mtaalamu na masanduku mawili."

Diwani mmoja akacheka, akakumbuka mahali alipo, akanyamaza. Mwenyekiti akauliza kama kuna ushahidi wowote kwamba wasichana hao waliumwa kitu kingine isipokuwa utoto wa mjini. Mama akasimama kabla hajaitwa.

"Mimi ni Mama Nafula. Nauza sukuma wiki. Nimewaambia majirani mtoto wangu ana macho. Nimemwambia pasta. Nimemdanganya hata mama yangu mzazi." Mikono yake ilikuwa ikivuta pindo la kitambaa. "Mtoto wangu anaona vizuri. Mtoto wangu alitaka kufa, na ni mimi nilimkuta. Huyu mama akamrudisha, polepole, na maharagwe yake. Mmefunga wiki tatu, na ameanza kurudi kule. Sasa kama ni polisi, waiteni. Watupeleke sisi wawili. Lakini hicho chumba mkifungue, kuna wa wenzangu ambao hawajakutwa."

Niliinamisha kichwa. Nilisikia aibu kali, ya kuchoma masikio, na chini ya ile aibu nikasikia kitu kama mzigo unaoteremshwa na mtu mwingine kutoka kichwani mwako. Ilikuwa imesemwa, kwa sauti ya Mama, mbele ya watu wenye kofia, na dari haikuanguka.

Mwenyekiti akasema, kwa huruma ya kweli, kwamba hakuna la kufanya mwaka huo. Kwenye makadirio hakukuwa na fungu la vichwa vya wasichana, na fungu jipya haliwezi kuanzishwa katikati ya mwaka. Waje mwakani.

Hapo ndipo karani wa fedha alipoinua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Mheshimiwa mwenyekiti, fungu jipya haliwezekani, ni kweli. Lakini fungu la macho la zahanati hiyo limeshapitishwa, na halijatumika isipokuwa mshahara wa huyu kijana. Kubadilisha matumizi ya fungu lililopo ni barua moja."

"Barua moja?"

"Moja. Na mhuri. Mwakani litakuja lenyewe, kwa jina jipya."

Mwenyekiti akamgeukia Daktari wa Macho, akamuuliza kama anakihitaji chumba. "Mimi nahitaji wagonjwa, mheshimiwa," kijana akasema. "Hawa wanaona hadi kesho kutwa."

Ndivyo ilivyokwenda. Uongo ule ndio uliokuwa umetengeneza fungu, na ukweli ukaingia ndani yake kama mpangaji mpya. Sista alipewa onyo la maandishi. Alitusomea lote kwa sauti, akasema ni kweli kila neno, akalikunja akaliweka chini ya mguu mfupi wa meza ya chumba. Akaletewa muuguzi wa pili, na dawa, na neno "bure" likaandikwa dirishani. Kuhusu polisi hakuna aliyewaita. Njiani kurudi, Mama alininunulia soda nzima, akaishika yeye mwenyewe chupa hadi nikaimaliza.

Nisiseme mambo yalinyooka. Kibao cha zamani kiliposhushwa na kipya kutaja wasichana na afya ya akili waziwazi, chumba kilibaki kitupu. Wiki ya kwanza nilikuwa mimi tu, ya pili mimi na mwenzangu mmoja. Sista alikaa na sinia lake akasema, "Nimewafukuza kwa ukweli." Mama naye kanisani alihamishwa kimyakimya kutoka kamati ya chakula. Lakini kwenye meza yake ya mboga likaanza jambo. Mwanamke alikuja akanunua sukuma wiki, akaomba nyanya moja, akauliza bei ya vitunguu asivyovitaka, akingoja wengine waondoke. Wakishaondoka aliinama. "Mama Nafula, kile chumba ni siku gani?" Mama hakuuliza ni kwa ajili ya nani. Alisema, "Alhamisi, saa nane," akamwongezea kishada cha dania. Kufikia mvua za masika benchi lilikuwa limejaa.

Mimi nilirudi shule. Nililala usiku. Sina zaidi la kusema juu ya hilo, isipokuwa kwamba mtu aliyewahi kukosa usingizi anajua nimesema kitu kikubwa.

Mara ya mwisho ninayotaka kuiandika ni ya mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimepanga chumba Tassia, nafanya kazi ya kushona sare za shule, na nilikuwa nimekwenda Donholm kupeleka mzigo nilipomwona ametoka dukani. Bila yale mavazi meupe alionekana amepungua. Alikuwa amestaafu zaidi ya mwaka mmoja. Aliniambia ana presha, na dawa zimekwisha, na zahanati ndiko kunakotolewa dawa, lakini hajaenda.

"Kwa nini, Sista?"

"Naogopa." Alilisema bila mzunguko, yeye ambaye sikuwahi kumwona akiogopa mtu. "Nikifika nikikuta kimefungwa, nitakuwa nimefanya nini maisha yangu yote? Hapa nyumbani naweza kujiambia kiko wazi." Akanitazama. "Leo ni siku gani?"

"Alhamisi."

"Basi nisindikize."

Tulitembea. Alinishika mkono tangu mwanzo wa barabara, na kadiri tulivyokaribia ndivyo alivyozidi kubana. Tuliingia kwa lango la nyuma. Benchi lilikuwa limejaa hadi wawili walikuwa wameketi kwenye ngazi, wenye sare za shule tofauti tofauti, mmoja na mtoto mchanga mgongoni.

"Wewe ni namba ngapi?" mmoja alikuwa akimuuliza mwenzake kwa sauti ya kusikika uani kote.

"Mi ni wa nne. Usiniruke, manze."

"Mathe yako anajua unakujanga hapa?"

"Anajua. Si ni yeye alinishow nikuje."

Sista alisikiliza. Kisha akausogelea mlango uliokuwa nusu wazi, akanyoosha shingo kama mama mkwe jikoni mwa watu. Ndani kulikuwa na muuguzi kijana, nywele zimesukwa vizuri, na msichana mmoja ameketi akikunjakunja bandeji mpya. Muuguzi akainuka akaja mlangoni.

"Mama, samahani, hapa ni ya wasichana. Wazee ni dirisha la tatu, kule mbele. Na usizibe mlango tafadhali, wanaogopa kuingia watu wakisimama hapo."

Nilifungua kinywa. Nilitaka kumwambia anazungumza na nani, nani alikipigania hiki chumba, kwa nini yeye mwenyewe analipwa mshahara. Sista alinifinya mkono, na kucha zake hazikuwa za mzee.

"Nisamehe, mwanangu," alimwambia yule muuguzi. "Endelea na kazi."

Tulipopinda ukuta alianza kucheka. Alicheka hadi akaegemea, hadi mama mmoja wa foleni ya chanjo akamuuliza kama anataka maji. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta.

"Nafula, umeona? Hanijui! Hanijui hata kidogo, na amenifukuza, na chumba kinaendelea."

Nami nikacheka, nikalia kidogo pia. Nikamshika mkono, tukaenda kule dirisha la tatu, na tulipofika mwisho wa foleni alikuwa bado anacheka.